Sauti Kutoka Stoo ya Mashuka

Siku ya kwanza Mama Deki kusikia sauti yake ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine, alikuwa ameinama chini ya kitanda namba tisa, wodi ya wanaume, anakausha maji yaliyomwagika. Sauti ilimsalimia mgonjwa, ikamwambia kwamba sasa ataelezwa jinsi ya kutumia dawa yake, ikamwomba asikilize kwa makini. Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na ile mikwaruzo ya kooni anayoamka nayo kila asubuhi, na lugha ilikuwa lugha ya ng'ambo ya mto, lugha ya mama yake mzazi. Aliinuka ghafla akajigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda.

Aliyeshika simu alikuwa nesi, tena si nesi wa mtaa wa pili bali mtoto wa dada yake, ambaye Mama Deki mwenyewe alimlea tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Ameinyoosha simu mbele ya mzee mmoja mwembamba mwenye pumu kama anayemnywesha uji. Sauti ikamaliza maelezo, ikauliza: je, umeelewa? Mzee akaitazama simu kwa heshima zote, akajibu kwa lugha yake kwamba ndiyo, ameelewa, ahsante sana. Nesi akabonyeza alama ya vema, akampa mzee kikopo chake cha dawa ya kuvuta, akageukia kitanda cha kumi.

"Hajaelewa huyo," Mama Deki akasema.

"Mama mdogo, amesema ndiyo."

"Nimemsikia. Nami nakwambia hajaelewa."

Nesi akatazama mlangoni kwanza, kisha akateremsha sauti. "Kozi inasema mgonjwa akisema ndiyo tuendelee. Halafu na ile barua si umeiona? Piga deki tu, mama mdogo. Usinitafutie maneno."

Barua ilikuwa imebandikwa ubaoni nje ya chumba cha Metroni, na Mama Deki alikuwa ameisoma mara tatu akishikilia fagio. Ilisema kuanzia Jumatatu ile hakuna mtu asiye na cheti cha kozi atakayeruhusiwa kuzungumza na wagonjwa wa ng'ambo habari za maradhi au dawa. Kozi yenyewe inafanyiwa kwenye simu. Mada sita za lugha na desturi za watu wa ng'ambo, maswali ishirini mwishoni, na ukifaulu unapata cheti chenye muhuri, pamoja na sentensi zilizorekodiwa za kuwasikilizisha wagonjwa. Ni ya wahudumu wa afya. Mama Deki alipojaribu kujiandikisha, simu ilimwomba namba ya usajili, naye namba pekee aliyokuwa nayo ni ya kabati la kuwekea ndoo.

Sasa ieleweke jambo moja. Watu wa ng'ambo walianza kuvuka mto miaka kumi na miwili iliyopita, na wakiugua wanakuja hospitali hii kwa sababu hakuna nyingine. Miaka yote hiyo, daktari akikwama, alitoa kichwa mlangoni akaita, "Mama Deki!" naye akaegemeza fagio ukutani, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kusema. Ameshika mikono ya wanawake wakijifungua. Amewaambia watu habari ambazo madaktari wenyewe walizikwepa kwa kujifanya wanatafuta faili. Hakuna aliyemteua wala aliyeandika popote. Kwenye makaratasi alikuwa mfagizi, na ukimuuliza angekuambia ni mfagizi, tena anayejua kazi, hata hilo jina la Mama Deki amelipokea kwa mikono miwili.

Lakini pale palipouma si kwenye barua. Palipouma ni kwamba kozi ile ilitengenezwa kwa sauti yake.

Mwaka uliopita alikuja bwana mmoja mchangamfu mwenye kompyuta ya kubeba, watu wakampachika jina la Bwana Kozi. Alitafuta mtu wa kusoma sentensi za lugha ya ng'ambo, akaelekezwa kwa Mama Deki. Akamweka stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yanameza kelele, akampa karatasi zenye sentensi mia moja na arobaini. Mama Deki alisoma kutwa nzima bila kula, joto limemkaba, mbele yake rundo la foronya. Alipofika kwenye sentensi inayouliza "je, umeelewa?" alisimama.

"Hili hatuwaulizi hivi," alisema.

"Soma tu, mama," Bwana Kozi akamjibu kwa upole. "Wataalamu wameshapitisha."

Mama Deki akasoma. Kisha akaletewa fomu asaini, Bwana Kozi akamweleza haraka haraka mambo ya haki na ridhaa na matumizi, akamuuliza kama ameelewa. Mama Deki akasema ndiyo, akasaini. Akapewa soda na fulana yenye jina la kozi, na fulana yenyewe ilimbana kwapani.

Alijua vizuri kwa nini hawawaulizi hivyo. Mtu wa ng'ambo ukimweleza jambo halafu ukamuuliza kama ameelewa, hawezi kusema hapana. Kwake yeye ni sawa na kukutukana kwamba hujui kusema. Atakuitikia ndiyo hata kama umemsomea bei za mabati. Kwa hiyo katika miaka yote kumi na miwili Mama Deki hakuwahi kumuuliza mgonjwa swali hilo hata mara moja. Akimaliza kueleza, alimkabidhi mgonjwa dawa mkononi, akamwambia, "Haya, nionyeshe." Ndipo mambo yanapojitokeza. Mwingine anakunywa dawa ya kupaka. Mwingine anagawa vidonge na mumewe ili wapone pamoja. Unacheka naye kidogo, mnaanza upya, anakwenda nyumbani salama.

Na sasa sauti yake, sauti ya mtoto wa mama yake, ilikuwa inazunguka wodini kitanda kwa kitanda ikiuliza swali lile, na watu wanaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alikasirika mpaka maji ya deki yakapoa kwenye ndoo.

Mzee wa pumu alirudi baada ya siku nne, kifua kinapiga filimbi. Alipewa hewa ya mashine, akatulia, akasikilizishwa simu, akasema ameelewa, akaenda. Baada ya siku tano alirudi tena amebebwa, midomo imebadilika rangi. Nesi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Mama Deki alikuwa anapangusa dirisha. Alisoma maneno yale juu ya bega la nesi. Alijaribu kujikaza asimwage unga uzeeni, kwa sababu Metroni alikuwa ameshamwonya mara mbili asiseme na wagonjwa, na onyo la tatu linajulikana ni nini.

Kisha mzee akakohoa. Mama Deki akaacha kitambaa dirishani, akavuta kiti mpaka kitandani.

"Baba," akamwambia kwa lugha ya ng'ambo, "hebu nionyeshe hii dawa unaitumiaje."

Mzee alifurahi kuulizwa. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akatikisa kikopo vizuri sana kama alivyofundishwa, akakilenga kifuani pale panapombana, akapuliza mara mbili juu ya ngozi. Akafunga vifungo. Akamtazama Mama Deki akisubiri kusifiwa.

Mama Deki hakucheka, na nesi aliyesimama nyuma yake hakucheka pia. Mzee wa watu alikuwa amepuliza dawa kwenye ngozi siku tisa, asubuhi na jioni, bila kukosa hata mara moja, halafu ameandikwa mkaidi.

"Umetikisa vizuri sana, baba," Mama Deki akasema. "Sasa tuitie ndani, ifike kwenye ugonjwa wenyewe." Akamwonyesha mdomo unavyoshika, pumzi inavyotoka kwanza, kidole kinavyobonyeza huku unavuta. Mzee akakosea, akakosea tena, mara ya tatu akapatia, mara ya nne akapatia peke yake. Rangi ya midomo ikaanza kurudi. Na Mama Deki alipogeuka, Metroni alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Metroni na Mama Deki waliajiriwa wiki moja. Mmoja alianza na sare nyeupe, mwingine na ndoo, lakini walikuwa wanakula pamoja nyuma ya jengo la kufulia, na kila mmoja anazijua ndoa za watoto wa mwenzake na zilivyovunjika.

"Shoga yangu," Metroni akasema walipokuwa kwenye ujia, "umeniweka pabaya. Katibu wa hospitali amenipa jukumu la kuripoti."

"Ripoti."

"Ndivyo unavyonijibu?"

"Ulitaka nijibuje? Umeona kwa macho yako. Ripoti ulichokiona, na cha mzee kujipulizia kifuani ukiandike pia."

Metroni aliripoti. Kama aliandika cha mzee au hakuandika, Mama Deki hakuambiwa. Aliitwa afike Alhamisi ofisini kwa Katibu wa hospitali, mbele ya Bwana Kozi atakayekuwa kwenye skrini, asaini hati ya kuahidi kutozungumza tena na wagonjwa habari za dawa. Asiposaini, ajira yake inakoma siku hiyo hiyo.

Jumapili mchana mtoto wa dada yake alikuja nyumbani, hata kiatu hakuvua vizuri.

"Mama mdogo, umenivunjia heshima mbele ya wodi nzima. Mimi nina alama tisini na nane kwenye ile kozi."

"Hongera, mwanangu. Na mzee anapumua. Tukupe mkono kwa lipi?"

Nesi alikaa. Alikuwa amekonda tangu kozi ianze, na Mama Deki aliona hivyo akampunguzia ukali. Kumbe binti hakuja kugombana. Alikuwa amekwenda kwa Katibu mwenyewe, akapiga magoti, si kwa mfano, amepiga magoti kweli, na Katibu amekubali kumfungulia mama mdogo nafasi moja ya kufanya mtihani. Akipata themanini kwa mia, atapewa cheti kama wenzake, hati haitasainiwa, na atasema na wagonjwa wake mchana kweupe.

Mama Deki alivaa miwani. Mtihani ukafunguliwa kwenye simu ya binti, na aliyeanza kuuliza maswali alikuwa yeye mwenyewe. Lilikuwa jambo la ajabu kukaa kwenye kochi lako unasailiwa na wewe. Swali la tatu lilimsikilizisha sentensi ya kumkaribisha mgonjwa, likauliza msemaji yumo katika hali gani: furaha, huzuni au hasira.

"Ana njaa," akasema Mama Deki.

"Hilo halipo."

"Lakini mimi ndiye niliyesema. Ilikuwa saa nane, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Jibu ni furaha, mama mdogo."

"Basi andika nilikosa. Siwezi kufurahi na njaa yangu."

Walicheka, na kwa muda kidogo ikawa kama zamani, binti anafanya kazi za shule na mama mdogo anamsumbua. Lakini maswali yaliisha na simu ikatoa hesabu. Alipatia kumi na matano kati ya ishirini. Sabini na tano kwa mia. Chini ya hesabu kukawa na maandishi kwamba mtahiniwa anaweza kurudia swali moja kabla hajatuma.

Binti alipekua haraka, akalipata. Mgonjwa amemaliza kusikiliza maelezo ya dawa, ufanye nini? Mama Deki alikuwa amechagua D, mwombe akuonyeshe. Kozi ilikuwa imeipiga msalaba na kuandika pembeni kwamba kumtaka mtu mzima aonyeshe kunaweza kumdhalilisha. Jibu sahihi ni B, muulize kama ameelewa.

"Swali moja tu," binti akasema. "Bonyeza B. Upate cheti chako, halafu ukishakuwa ndani fanya unavyojua. Nani atakufuata kitandani?"

Mama Deki aliishika simu. Nisimfanye malaika, alisogeza kidole. Alifikiria mshahara wake, na nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba, na aibu ya kumwaga unga baada ya miaka ishirini na sita kwa sababu ya herufi. Akamfikiria na mzee akifunga vifungo vya shati lake akisubiri kusifiwa.

"Hii B nimeshaisema mara moja," akasema. "Nimeisema stoo ya mashuka, kwa mdomo wangu, huku najua. Unaona ilivyomfikisha yule baba. Sirudii."

Akabonyeza tuma. Binti alilia kwa hasira, akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi ofisi ya Katibu ilinukia rangi mpya. Katibu alikuwa nyuma ya meza, mtu wa tai na mafaili, si mbaya kwa asili ila anaogopa mno kila kilicho juu yake. Metroni alikaa pembeni kama shahidi. Nesi alikuwa ameitwa kuunganisha skrini ya ukutani, na humo ndani Bwana Kozi alitokea akiwa mkubwa kuliko alivyokuwa mwaka jana. Mama Deki alikuja na aproni yake. Hakutaka kuvaa nguo ya kanisani kwa ajili ya karatasi.

Aliposema tu "Habari za asubuhi," Bwana Kozi akaruka kwenye kiti. "Hii sauti. Si mama wa stoo ya mashuka huyu? Mama, wewe ni maarufu. Kuna hospitali kumi na nne zinakusikiliza."

"Ndilo nililokuja nalo," Mama Deki akasema. "Nitoeni humo. Au nitoeni, au mnirudishe stoo nirekodi upya lile swali, niseme nionyeshe."

"Maoni yako tutayazingatia kwenye mapitio ya mwakani," Bwana Kozi akasema kwa upole ule ule. "Lakini sauti ni yetu, mama. Ulisaini."

"Nilisaini. Ulinieleza fomu ile haraka haraka, ukaniuliza kama nimeelewa, nikakuitikia ndiyo. Unajua kwa nini? Kwa sababu mama yangu ni wa ng'ambo. Nisingeweza kukuambia hapana hata ungenichoma moto. Wewe mwenye kozi hukulijua hilo, na mimi niliyelijua nikanyamaza. Kosa tumegawana."

Katibu, aliyeona mazungumzo yanaota miguu, akachukua hati akaisoma kwa sauti ya ibada. Mimi mtumishi niliyetajwa hapo juu, nimesomewa na nimeelewa kwamba sitazungumza na mgonjwa yeyote wa ng'ambo kuhusu maradhi yake wala matibabu yake. Akamsukumia kalamu. "Umeelewa?"

Mama Deki akaisikia ile ndiyo ikimpanda yenyewe kutoka tumboni, ndiyo aliyofundishwa kabla hajaota meno, ndiyo ya mama yake na ya bibi yake. Aliizuia kooni.

"Sijaelewa," akasema.

Katibu akasoma tena, mara hii kwa sauti kubwa, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio.

"Sijaelewa."

"Mama, unafanya makusudi."

"Nafanya. Lakini pia sijaelewa. Nionyeshe, Katibu."

"Nikuonyeshe nini?"

Mama Deki akasimama. Akalichukua fagio alilokuwa ameliacha nyuma ya mlango, akamkabidhi Katibu, naye akalipokea kabla hajafikiri. "Wewe ni mfagizi. Lugha yangu unaijua, umezaliwa nayo. Mimi ni yule baba wa kitanda cha tisa." Akakaa kitini, akakunja mabega, akaanza kuvuta pumzi kwa shida, kwa filimbi ile ile. Akatoa mfukoni kikopo kitupu cha dawa, akakilenga kifuani. Akamtazama Katibu kwa macho ya mtu anayeomba, akamwambia neno moja la lugha ya ng'ambo ambalo Katibu hakulijua lakini alilielewa.

Katibu alisimama na fagio na tai yake. "Ningemwita nesi," akasema mwishowe.

"Mwite."

Nesi akasogea. Sijui kama ni mazoea au ni woga, lakini alifanya kama anavyofanya kila siku: akatoa simu, akaitafuta sentensi, akabonyeza. Sauti ya Mama Deki ikajaa ofisi nzima, ya kirafiki, ina njaa, inaeleza tikisa na bonyeza na vuta, kisha ikamuuliza Mama Deki: je, umeelewa?

"Ndiyo, mwanangu," Mama Deki akajibu kwa adabu ya mzee yule, akabonyeza kikopo mara mbili juu ya aproni yake. Akafunga vifungo visivyokuwepo. Akaendelea kukosa pumzi.

Nesi aliiteremsha simu polepole mpaka ikagusa paja.

"Sasa, Katibu," Mama Deki akasema kwa sauti yake ya kawaida, akingali amekaa. "Hapo ndipo ninapotaka unionyeshe. Lugha unaijua, dawa unajua inapokwenda, na mtu anakufa mbele yako huku anakuitikia ndiyo. Nionyeshe unavyoendelea kupiga deki."

Katibu alilitazama fagio. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Akaliegemeza mezani, akarudi kitini, akanyoosha tai, na hasira ya mtu aliyeshikwa ikampanda usoni.

"Tumalize," akasema. "Hati haihitaji maigizo. Mtumishi akigoma kusaini, shahidi anaandika kwamba amesomewa na ameelewa, yatosha. Metroni."

Akamsukumia Metroni karatasi na kalamu. Miaka ishirini na sita Metroni ameingia ofisi ile, chini ya makatibu watano, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema jingine ila sawa. Alikubali wodi mbili ziunganishwe, akakubali zamu zirefushwe, akakubali barua ile na kuibandika kwa mkono wake. Alichukua kalamu. Aliandika neno la kwanza, Mama Deki akaliona kutoka alipokaa: amesomewa. Kisha kalamu ikasimama.

"Andika ameelewa," Katibu akasema.

"Mwenyewe amesema hajaelewa."

"Metroni, hii ni hati ya ofisi. Wewe mwenyewe umeelewa au hujaelewa?"

Kwenye skrini Bwana Kozi alikuwa ameinama mbele, uso umejaa kioo. Metroni hakumtazama yeye wala Katibu. Alimtazama shoga yake aliyeketi na kikopo kitupu mapajani, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilidhani nimeelewa," akasema. "Niliitikia kila ulichoniambia. Sijaelewa, Katibu. Tangu mwanzo sijaelewa."

Akaifunga kalamu, akaiweka juu ya karatasi, wala hakuisogeza tena.